Pointage ya Bandeke

Siku ya posho, Jumamosi ya mwezi wa kumi 1974, kamiyo ya kompanyi ilitoka mu kamp saa kumi na mbili ya asubui, na bantu saba nyuma. Ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya serikali. Bengine bote balibaki kukata majani pembeni ya barabara. Hawa saba balipewa ruhusa ya kwenda kuhesabu bandeke ku dembo, kule fasi ya mayi na matete njia ya Kinsevere, ju Citoyen Kabwe alisema kuhesabu nayo ni kazi. Kabwe alikuwa karani wa personnel. Alivaa jumelles ya kuangaria mbali mu shingo, na mu mukono alikuwa na kayé ya pointage, daftari ya kuita bantu ba kazi, ju kayé ingine haikukuwa.

Mama Germaine alipanda wa mwisho, na sufuria ya bukari na samaki. Ku karta ya mupya, kiisha serikali kukataza majina ya kizungu, jina yake ilikuwa Kunda, lakini mu kamp balimwita tu Germaine. Hakukuya ju ya bandeke. Mwezi wa sita, ukuta wa karyeri, shimo ya kuchimba shaba, ulianguka na bwana yake, Donat, na benzake nane. Hakuna mwenye aliwachimbua. Ku biro baliandika: déserteur, mwenye alikimbia kazi. Na muke wa déserteur hana haki ya nyumba ya kamp. Lundi, kiisha siku mbili, ilibidi atoke, yeye na batoto bane.

— Citoyen Kabwe, badilisha ile neno moja tu. Andika alikufa.

— Mama, siandike muntu mwenye sikumuona.

— Na ukimuona?

— Nikimuona, nitamuandika vile namuona.

Chomba, shofere, akatoa kichwa inje:

— Germaine, mupe bukari mingi! Kabwe akishiba, iko naona muzuri.

Ku dembo bakorongo balikuwa bamefika na mvua ya kwanza, beupe, na mabawa meusi ku ncha. Tisa kati yao balikuwa na pete ya shaba ku muguu. Kabwe akaweka jumelles ku macho, akasoma pete ya karibu:

— 11 642.

Germaine akaacha kugawa samaki.

— Ile ni matricule ya bwana yangu, namba yake ya kazi.

Kabwe akaangaria mu kayé. Njo ile. Basi akasimama sawa, akaita vile alikuwa naita kila asubui ku mulango ya karyeri:

— 11 642!

— Présent, ndeke ikajibu.

Ilikuwa sauti ya Donat, na kikohozi yake ya vumbi. Kabwe akatia alama, akaita bengine. Bote balijibu. Ya mwisho, Jeannot, ilibidi kumuita mara mbili.

— Hata akikufa anachelewa! Chomba akasema.

Germaine akavua viatu, akaingia mu mayi mpaka magoti.

— Donat, nini ilifanyika?

— Ukuta ulianguka. Tulikuwa naita. Bale ba juu balitusikia. Kiisha sireni ikalia, bote bakaenda kula.

Akamupa samaki. Aliikula kuanzia kichwa, kama siku zote. Kabwe akaandika ile aliona tu, na mukono muzuri: jina, matricule, fasi, saa. Akatafuta shahidi. Germaine akatia kidole mu wino, akaikandamiza kwa nguvu.

Lundi, directeur alisoma kayé, akatosheka. Batumikaji tisa balionekana ku dembo, saa tatu, saa ya kazi, bila ruhusa. Beko bazima, bananenepa. Shahidi: muke wa mumoja. Neno déserteur ikapata kashe ya pili, muhuri ya directeur.

Kabwe alienda kumuambia yeye mwenyewe.

— Mama, nilikuambia. Vile namuona.

— Uliandika muzuri, Citoyen, Germaine akasema. Akaendelea kufunga bitanda.

Chomba aliwapeleka Ruashi, kwa Albertine, dada ya Germaine. Ndeke ya 11 642 ilifika mbele yao, ikasimama juu ya mabati ya nyumba.

Sasa kila asubui sireni ya kompanyi inasikilika kule mbali.

— Présent!

— Shemeji, batoto beko nalala! Albertine anapiga kelele mu kitanda.

Germaine anafungua dirisha, anaweka kichwa ya samaki. Ndeke haishuke mbio. Inangoja kwanza, shingo sawa, pengine bataita namba ya mwenye anafuata.