Filimbi Ambayo Haikulia

Kapteni Ulloa alikuwa na tabia ya kupiga magoti na kuchokonoa udongo. Wanafunzi walipomaliza kukwangua kipande cha kinga ya moto, ule ukanda wa ardhi usioachwa na chochote cha kuungua, alishuka, akaingiza kidole ardhini, na kidole kikitoka na mzizi au jani lililooza, kipande kizima kilirudiwa.

"Moto unatembea chini kama panya," alisema. "Wewe unakodolea macho miti, mwenzako anapita hapa kwenye mzizi, anakutokea nyuma ya makalio. Rudia, Edelmira."

Edelmira hakununa. Alikwangua tena mpaka udongo ukabaki mtupu na mwekundu. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mkubwa kuliko wenzake wote darasani. Alfajiri alikanda mkate kwenye tanuri la mtaa, jioni alipanda ngazi za kilima kwenda kwenye ukumbi wa kikosi cha zimamoto, akiwa bado na unga kwenye nyusi. Hapakuwa na mshahara mwishoni mwa mafunzo hayo. Katika nchi ile kuzima moto ni kazi ya kujitolea, na watu huililia kama wengine wanavyolilia cheo.

Miaka ya nyuma moto ulishuka kutoka kwenye misitu ya mikaratusi ukala vilima kadhaa vya mji wao wa Valparaíso, na nyumba yake ilikuwamo. Ya mama yake, mtaa wa chini, ilipona. Ilipona kwa sababu watu asiowajua walisimama kati yake na moto, wakiwa na majembe na mpira mmoja wa maji. Tangu siku hiyo Edelmira alimwomba Mungu jambo moja kila asubuhi kabla ya kuwasha tanuri: amjalie naye kusimama pale.

Ombi hilo lilikuwa limekaribia kujibiwa. Lilibaki zoezi la moto wa kweli siku ya Jumamosi, na baadaye kura ya wanakikosi.

Aliyemleta kikosini ni Nibaldo Ampuero, luteni, kwa kuwa pale haingii mtu bila mwanakikosi wa kumdhamini. Nibaldo ndiye aliyembeba Maite, binti wa Edelmira, kwenye ubatizo, na kwa ajili hiyo waliitana kompadre na komadre, hata pale walipogombana juu ya chumvi kwenye supu.

Jumamosi walipanda juu ya nyumba za mwisho, kwenye korongo lililojaa nyasi na vichaka. Kapteni angewasha moto upande wa pili na kuusukuma kuelekea kinga. Edelmira na kijana mmoja fundi bomba, jina lake Yerko, walipangiwa chini kabisa, mahali ambapo vichaka vilikuwa virefu na mtu haoni mbele. Nibaldo aliwekwa ukingoni juu, awe macho yao.

"Sikilizeni," alisema Kapteni. "Mlinzi haachi ukingo. Mlinzi hakojoi. Akiumwa na nyuki, anaumwa akiwa amesimama. Akipiga filimbi mara tatu, mnatupa majembe mnapanda kwa njia ile ya mbuzi. Hamniulizi mimi, hamuulizani nyinyi."

"Na tusipomsikia?" aliuliza Yerko.

Nibaldo alicheka. "Nikipiga mimi, mdogo wangu, mama mkwe wangu kule Quilpué atadhani nimemwita. Komadre, kazi njema. Usinitie aibu."

"Wewe usisinzie tu," alijibu Edelmira.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Moto ulikuwa mdogo, ukinung'unika upande wa pili, moshi ukipanda wima. Walikwangua bila kuzungumza. Kisha moshi ukaacha kupanda. Ukalala, ukaingia kati ya vichaka, ukawapita usoni.

"Mama Ede," alisema Yerko, "upepo umegeuka. Twende?"

Edelmira aliinua kichwa akasikiliza. Mbali, pampu ya maji ya Kapteni ilikuwa ikinguruma. Hakuna kingine.

"Hajapiga," alisema. "Nibaldo yuko juu. Anaona tusichokiona. Maliza kipande hiki."

Neno hilo ndilo lililomtesa baadaye. Alikuwa amefundishwa kusoma moshi, na aliusoma sawasawa, lakini alimwamini mtu kuliko macho yake.

Moto haukutoka mbele walikoutazamia. Ulitoka ubavuni, ukakimbia juu ya nyasi kavu kwa sauti kama ya nguo inayochanika. Edelmira alimkamata Yerko kola akamvuta kuelekea njia ya mbuzi. Yerko akateleza, akajishika kwa mikono miwili kwenye kisiki kilichokuwa kimeshaanza kuwa kaa la moto. Glavu alikuwa amezivua ili ashike mpini vizuri. Alipiga kelele moja tu. Edelmira alimsukuma mbele yake, goti kwa goti, akisema "Bwana, Bwana, Bwana" bila kupata neno la kuongeza.

Juu, ukingo ulikuwa mtupu.

Chupa ya maji ya Nibaldo ilikuwa imesimama juu ya jiwe. Mwenyewe alionekana akipanda mbio kutoka upande wa nyumba, anahema, na nyuma yake, kwenye kibaraza cha mtu, redio ilikuwa ikitangaza dakika za mwisho za mpira. Aliona mikono ya Yerko. Akamtazama Edelmira, na rangi ikamtoka usoni.

Kapteni alipofika na wengine, banda moja la kuku lilikuwa limeungua, nyumba hazikuguswa. "Filimbi iko wapi?" alifoka. "Pampu ilinizuia kusikia. Ilipigwa?"

"Nilipiga," alisema Nibaldo. "Mara tatu. Hawakutaka kuacha jembe. Komadre ana moyo sana, unamjua."

Edelmira alimwacha aseme. Alidhani ni mshtuko, kwamba wakishamfunga Yerko bandeji mikononi na kuketi, kompadre wake atasahihisha maneno yake. Alimpa Jumapili nzima. Kwenye misa aliacha nafasi kwenye benchi, kama kawaida. Nibaldo hakuja.

Alikuja Jumanne, kwenye tanuri, kofia mkononi.

"Komadre, nisikilize kabla hujakasirika."

"Nimeshakasirika. Sema."

"Ilikuwa penalti. Nilishuka kidogo tu, nirudi. Moto ulikuwa umelala!"

"Ukaniacha chini."

"Nilikosa, Mungu anajua."

"Mungu anajua. Kapteni je?"

Nibaldo alizungusha kofia. "Nikisema, watanivua sare mbele ya wote. Baba yangu alikuwa kikosi hiki. Picha yake iko ukutani. Lakini ukisema ulisikia, ila ulitaka kumaliza kipande chako, nani atakulaumu? Watacheka. Watasema huyu mama ana roho ya chuma. Utapita kwa kura zote. Yerko tayari amekubali."

"Yerko amekubali nini?"

"Kwamba alisikia."

Edelmira aliweka sinia la mikate chini. "Nilimburuta yule kijana kwa kola, Nibaldo. Nikamlaza nyasini, nikampulizia mikono kama mtoto."

"Ndiyo maana anakupenda. Anataka muingie wote wawili. Komadre, ni neno moja. Kuingia, si ndilo ombi lako la miaka yote?"

Ndilo. Hapo ndipo palipomuuma. Usiku ule alipiga magoti akakaa muda mrefu, na maneno ya Nibaldo yaliendelea kumrudia, matamu. Alijaribu kuyasema kwa sauti, aone yanakaaje mdomoni: nilisikia, Kapteni. Kisha akamfikiria mtu mwingine, mwanafunzi asiyemjua bado, yuko chini korongoni, anainua kichwa kusikiliza, na Nibaldo juu.

Ijumaa, usiku wa kura, ukumbi ulijaa. Kapteni aliwasimamisha wale wanafunzi wawili mbele ya picha za marehemu wa kikosi.

"Yerko. Ulisikia filimbi?"

Yerko alitazama bandeji zake. "Nilisikia, Kapteni. Tulichelewa."

Watu walinong'ona kwa upole. Mzee mmoja akasema, "Damu moto, hawa," na kicheko kidogo kikapita. Nibaldo alimwangalia Edelmira kwa macho ya mtu anayeomba maji.

"Edelmira?"

"Sikusikia filimbi, Kapteni, kwa sababu haikulia. Tulipofika juu hapakuwa na mtu. Upepo niliuona, na nikasubiri. Kosa hilo ni langu. Nisingesubiri kama nisingeambiwa kuna mlinzi."

Nibaldo alisimama. Edelmira akasema moyoni, sasa, kompadre, sasa.

"Komadre alikuwa kwenye moshi," alisema Nibaldo polepole. "Moshi unachanganya akili. Simlaumu."

Kura hupigwa kwa gololi. Kila mwanakikosi hupewa nyeupe ya kukubali na nyeusi ya kukataa, huingiza mkono uliofumbwa kwenye tundu la sanduku la kila mwanafunzi, huacha moja. Edelmira alikaa kwenye kiti cha ukutani akisikiliza zikigonga mbao. Sanduku la Yerko lilipofunguliwa lilikuwa jeupe tupu. La Edelmira, Kapteni alilitazama, akalifunga, akatikisa kichwa bila kutangaza hesabu.

Alivua koti la kikosi, akalikunja vizuri, akaenda kulirudisha kwenye gereji ya magari ya kikosi. Njia ya kutokea ilipita uani, na uani walikuwa wakimmwagia Yerko maji, ndoo baada ya ndoo, kama wanavyomkaribisha kila anayekubaliwa. Kijana alikuwa ameinua mikono yake iliyofungwa bandeji juu ya kichwa isilowe. Nibaldo ndiye aliyeshika ndoo. Yerko alimwona Edelmira akipita, akafungua mdomo, na maji mengine yakamshukia.

Kapteni Ulloa alimfuata mpaka kwenye geti.

"Edelmira. Kati yetu wawili tu. Alipiga, hakupiga?"

"Umeshaniuliza mbele ya watu, Kapteni, nikakujibu."

"Najua."

"Na wewe uliacha gololi ya rangi gani?"

Kapteni alitazama buti zake zilizolowa. Mle ndani watu walikuwa wameanza kuimba.

Edelmira alifunga vifungo vya sweta akaanza kushuka ngazi. Alitaka kusali, lakini kila neno lililomjia lilikuwa la hasira. Akampa Mungu hayohayo, kwa sauti, ngazi baada ya ngazi, mpaka kwake.