Jumamosi ya Saida

Daktari Mwinshehe si daktari wa sindano, ingawa majirani zake wa Maili Moja wamekwishamletea watoto wenye homa. Udaktari wake ni wa chuo: unampa orodha ya masharti, naye anaiagiza kompyuta itafute mpango usiovunja hata sharti moja. Miaka ishirini na mbili anafanya hilo tu, jamani! Mke hana, mtoto hana, na ukimuuliza mara ya mwisho alihudhuria lini shughuli kwao Kibuta, atakohoa kidogo, halafu akuulize habari za kazi.

Basi siku moja mdogo wake, Hajra, akampigia simu. Saida, binti wa marehemu kaka yao, anaolewa, na ndugu wamegombania tarehe mpaka wamenuniana. Mwinshehe akafurahi, tena waziwazi. Kumbe kazi yake ingefaa nyumbani! Isitoshe, kwa upande wa baba yeye ndiye mkubwa aliyebaki, kwa hiyo ndiye walii wa kumwozesha Saida. Alitamani mno kukaa pale mkekani mbele ya shehe, naye aonekane ana watu wake.

Hajra akamtumia majina kumi na moja pamoja na visingizio vyao. Huyu ana zamu, yule anaokota korosho, mwingine hataki kukaa karibu na shemeji yake. Mwinshehe akaingiza yote. Sekunde nne tu, jibu likatoka: Jumamosi moja, tarehe kumi na nne. Ukoo mzima ukakubali, eti kompyuta imesema.

Wiki nzima akatembea kifua mbele. Siku ya nane akafungua kalenda yake aandike harusi, akakuta siku hiyohiyo amealikwa kwenye mkutano nje ya nchi kusoma utafiti wake, mwaliko alioungoja tangu ujana. Akairudia orodha ya Hajra. Majina kumi na moja, la kwake halimo. Na yeye, bingwa wa masharti, hakushtuka kwamba halimo! Masikio yalimchoma kwa aibu.

Akampigia Hajra. "Mdogo wangu, tarehe ile imegongana na safari yangu."

"Aa, usihangaike, kaka. Ataozesha Mwinyimadi." Huyo ndiye kitinda mimba wao. "Tulishapanga hivyo tangu mwanzo. Wewe na kazi zako tunakujua."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Simu ikiwa bado sikioni, Mwinshehe akawaandikia kwenye kompyuta wenye mkutano kwamba hatakwenda, akatuma bila kusoma mara ya pili.

"Hajra, nimefuta safari. Nakuja."

Huko nyuma wanawake walisikika wakicheka, wanachambua mchele.

"Haya kaka, karibu sana," Hajra akasema, kwa sauti ileile anayowakaribishia wageni. "Ila ngoja niwaulize majirani kama wana chumba. Huku kwetu tumeshagawana pa kulala."