Majina ya Nyumba ya Pili

Kwa miaka kumi na minne, mtu mwenye boma akifa kati ya Myanga na Tongaren, watu wake walipitia kwa Dinah kabla hawajaenda kutafuta hema. Alikuwa na chumba kimoja mjini Bungoma, nyuma ya msikiti, meza mbili, kompyuta moja na printa moja. Hapo alichapa barua na fomu za watu, lakini kazi iliyompa jina ni vijitabu vya mazishi: picha ya marehemu kwenye jalada, alizaliwa lini, alisoma wapi, alioa nani, ameacha nani. Watu walimwita Mama Joan. Zamani alikuwa karani wa shule, na ukarani haukumtoka.

Alikuwa na sheria moja. Kijitabu hakichapwi mpaka kila nyumba ya marehemu ilete msemaji wake, aketi mbele ya skrini, asome majina yao hadi la mwisho, atie sahihi. Alijua anachofanya. Kijitabu cha mazishi upande huu si cha kujipepea juani. Mtu huenda nacho nyumbani akakiweka sandukuni, na siku ya kugawa shamba hukitoa mbele ya chifu. Aliyeandikwa ni mtoto wa marehemu. Ambaye hakuandikwa, aanze kueleza.

Shida ilianza Oktoba. Kompyuta ikawa inamwambia kila asubuhi kwamba Windows yake imefika mwisho, haitalindwa tena, na hiyo mpya haiwezi kukaa kwenye mashine ya zamani namna ile. Dinah aliufunga ujumbe huo kama mtu anavyomfungia mlango muuza dawa. Januari mteja mmoja akaleta flashi yenye virusi, na vijitabu vya miaka mitatu vikageuka kuwa vijipicha visivyofunguka. Mashine mpya hakuwa na uwezo nayo. Akaizungushia kompyuta leso mbili, akaipeleka Kitale kwa Huzaifa, fundi aliyekuwa jirani yake pale msikitini kabla hajahama.

Huzaifa aliisikiliza ikiunguruma, akacheka kidogo. Akamweleza habari ya Linux, mfumo wa kukaa mahali pa Windows: ni ya bure, haiombi leseni, haichoshi mashine nzee, na virusi vile vya flashi haviijui hata kwa jina. Dinah akauliza kama mtu wa kawaida anaiweza, mtu kama yeye, aliyejifunza kompyuta kwa kubonyeza na kuogopa.

"Mama, unachapa, unahifadhi, unatoa kwa printa. Kuna nini hapo cha kukushinda?"

"Na kazi zangu za zamani?"

Huzaifa akafungua barua moja, ikafunguka safi. Akafungua kijitabu kimoja kilichopona. Picha zilikuwa zimesogea kidogo. Akasema hizo atazipanga tu. Kisha akauliza kama amwachie Windows kando, ziwe mbili, awe anachagua asubuhi.

"Toa ya zamani," Dinah akasema. "Wake wawili kwa boma moja, mimi naona mwisho wake kila Jumamosi."

Wakacheka wote wawili. Huzaifa akaifuta.

Wiki mbili za kwanza hakuwa na la kulalamika. Mashine iliamka upesi kuliko alivyozoea. Barua zilichapika, fomu zilijazika. Wateja walichungulia skrini wakauliza kompyuta yake imekuwa ya wapi, na Suad, aliyeuza vitambaa mlango wa pili, alimtania ati sasa amekuwa mtu wa usalama wa taifa. Jambo moja tu lilikataa. Printa ilitoa nyeusi na ikasusa rangi. Alimpigia Huzaifa simu, Huzaifa akamwelekeza mambo ya kuandika kwenye dirisha jeusi la skrini, akayaandika herufi kwa herufi huku jasho likimtoka, na printa ikaendelea kutoa marehemu wa kijivu. Mwishowe Huzaifa akasema kampuni iliyotengeneza printa hiyo haikufikiria watu wa Linux. Kazi za rangi azipeleke nje. Dinah akaona ni sawa. Mtu huishi na mguu unaouma.

Februari akafa Mzee Wamalwa wa Tongaren, mtu wa ekari ishirini na nyumba mbili. Alhamisi walikuja Jairus, mwana mkubwa wa nyumba kubwa, na Gladwell, binti wa nyumba ya pili, kila mmoja na karatasi yake. Hawakuketi benchi moja. Dinah alichapa ukurasa wa familia akiwa katikati yao. Alichagua herufi nzuri alizozikuta kwenye mashine, nyembamba, zilizomwezesha kuwaingiza watu wote kwenye kisanduku kimoja chenye urembo pembeni: mama wa kwanza na watoto wake saba, chini yao Nabwile, mke wa pili, na watoto wake watano. Gladwell alivuta kiti, akasoma kwa kidole jina la mama yake, lake, na ya ndugu zake. Alirudia mara mbili.

"Mama Joan, tumetosha hapo," akasema. Akatia sahihi. Jairus naye akatia.

Jioni ile ile Dinah akalipeleka faili kwa flashi kwenye duka la kuchapisha karibu na stendi, lenye mashine kubwa ya rangi. Vijana wa pale walikuwa na foleni ya mazishi manne. Wakampokea, wakamwambia nakala mia tatu zitakuwa tayari kesho, wakakubaliana Jairus azichukue mwenyewe akipita na gari la mwili. Kwa miaka yote hiyo Dinah alikuwa ameitazama kila karatasi ikitoka kwenye printa yake mwenyewe. Hakuwa na mazoea ya kuikagua kazi aliyokwisha kuikagua. Akaenda nyumbani.

Jumamosi alikwenda Tongaren kuzika kama wengine. Maboksi yalifunguliwa watu wakiwa wameshaketi. Aliona kijitabu kikipita mkono kwa mkono, picha ya Mzee iking'aa, na moyo wake ukapoa. Halafu upande wa kushoto wa hema, walipokaa watu wa Nabwile, ukaanza mnong'ono, na mnong'ono ukawainua watu. Dinah akafungua ukurasa wa nne. Kisanduku kilikuwa pale na urembo wake. Herufi zilikuwa nene, za duka lile, si zake. Mama wa kwanza alikuwepo. Watoto saba walikuwepo. Baada ya wa saba kulikuwa na mstari wa chini wa kisanduku, na chini ya mstari, maua.

Alielewa kabla hajavuta pumzi. Mashine ya duka haikuwa na zile herufi nyembamba. Iliweka zake, zikajaza kisanduku, na waliokuwa chini wakabaki nje ya kisanduku: wamo ndani ya faili, lakini hawaonekani.

Gladwell alimjia akiwa ameshika kijitabu kwa vidole viwili. Hakupaza sauti.

"Si nilikaa kwa kiti chako nikasoma?"

Dinah akamweleza. Alieleza habari ya herufi, ya mashine mbili zisizoelewana, ya kisanduku. Aliposikia maneno yake mwenyewe aliona yanavyofanana na uongo. Wazee wa ukoo walimsikiliza kwa heshima ya watu wasioamini.

"Kwa hivyo kompyuta imekataa mama yangu peke yake," Gladwell akasema. "Wa kina Jairus imewakubali wote saba. Na yeye ndiye alienda kuchukua."

Kila mtu akamtazama Jairus. Jairus angeweza kusema neno moja tu, kwamba alisoma majina ya watoto wote kumi na wawili siku ile na sahihi yake iko. Alikunja kijitabu akakitia mfukoni mwa koti.

"Mimi sijui kompyuta," akasema. "Kilichoandikwa si ndicho hicho?"

Nabwile aliambiwa asiweke udongo kaburini mpaka nyumba kubwa imalize, basi watoto wake wakakataa kuweka kabisa. Mzee alizikwa upande mmoja ukiwa umekaa garini. Watu walirudi makwao na nakala zao, Kitale, Bungoma, hata mji wa Kwanza, mia tatu kasoro moja. Ile moja Dinah alibaki nayo.

Jumapili alimpigia Huzaifa. Akamsimulia yote, na kijana akauliza:

"Mama, si ungewapelekea PDF? Hiyo haibadiliki. Kila mtu anajua."

Dinah akamuuliza huyo kila mtu anakaa wapi. Huzaifa akamwambia anaweza kumrudishia Windows hata kesho, bure, ile ya zamani. Dinah akasema asisumbuke.

Jumatatu Gladwell alifika na mjomba wake. Dinah alikuwa amejitayarisha. Alikuwa ameweka mezani karatasi za sahihi, na faili amelifungua kwenye skrini, ukurasa wa nne. Herufi nyembamba. Kisanduku. Nabwile na watoto wake watano, kila mmoja mahali pake, wazi kama siku ile ya Alhamisi. Akageuza skrini kuwaelekea.

Mjomba alisoma polepole. Sahihi aliziangalia pia, akasema hizo ni za watu waliokubali majina, na majina ni haya ya kijitabu. Gladwell hakuketi.

"Haya ungeweza kuandika leo asubuhi," akasema.

Wakatoka. Dinah alibaki ameielekeza skrini mlangoni. Nje, barabarani, gari lenye kitambaa chekundu cha msiba kwenye kioo lilipunguza mwendo, na mwanamume aliyekaa mbele akasoma kibao cha Dinah. Kisha akamwonyesha dereva kwa mkono kwamba waendelee, kule duka la stendi.