Nafasi ya Sita

Kufikia saa nane mchana waamuzi wote watano walikuwa wamechokana. Vitabu vitano vya vijana vilikwisha kuingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo, ikabaki nafasi moja tu, na vilivyoigombea vilikuwa viwili: hadithi ya kuchekesha ya mbuzi aliyepanda treni, na riwaya nyembamba ya msichana anayemficha mdogo wake kila baba yao anaporudi amelewa. Nje mvua ya Dublin ilinyesha kama kawaida yake, bila haraka.

Nuala Heneghan, mkutubi wa sekondari moja huko Mayo, magharibi mwa Ireland, aliipigania ile riwaya tangu asubuhi. Aliisifu lugha yake, akausifu ufupi wake, akasoma kurasa kwa sauti, na hakufika popote. Aliyemkalia kooni alikuwa Hilary Prendergast, mhakiki wa magazeti, mtu ambaye hakuwahi kulea hata paka lakini aliwajua watoto wote wa dunia. Hilary alishikilia ukurasa mmoja tu, ule ambao msichana anajifungia na mdogo wake ndani ya kabati la tangi la maji ya moto mpaka nyumba itulie.

"Tuambiane ukweli jamani," alisema Hilary. "Hiki ni kilio cha mtu mzima kilichovalishwa sare ya shule. Hakuna mtoto anayefanya hivi."

"Yupo," alisema Nuala.

Wote wakamgeukia. Hapo ndipo alipopaswa kuufunga mdomo wake, na alijua.

Mtoto huyo aliitwa Muireann, wa chama cha kusoma pale shuleni kwake. Alikuwa amekirudisha kitabu hicho maktaba huku analia, akaeleza yote ya kwao, yake na ya mdogo wake Conor. Nuala akafanya lililompasa: akawaarifu maofisa wa ustawi wa jamii, nao wakapanga na mama mtu namna ya kuondoka kimyakimya na watoto wake shule zikifungwa, aende kwa dada yake Galway. Mpaka siku hiyo baba asinuse kitu. Na Nuala alikuwa amemwahidi Muireann kwamba hakuna mwingine atakayesikia.

Lakini kitabu kilikuwa kinamponyoka, naye hakutaka kushindwa na mbuzi. Akasimulia. Alisimulia kabati, alisimulia katalogi ya matrekta ambayo msichana humsomea mdogo wake kwa tochi, alisimulia hata safari inayoandaliwa, ili waone kitabu kinavyoweza kumwokoa mtu. Jina hakulitaja, wala mji. Watu wa vitabu wana ugonjwa huo mmoja: wakishaondoa jina, hudhani wamemficha mtu.

Hilary alivua miwani akajifuta macho. Kura zikapigwa, naye akaipigia ile riwaya. Mwenyekiti, mzee mpole aitwaye Fintan Colgan, akawakumbusha kwamba yanayosemwa chumbani hufia chumbani, kisha akamshika Nuala mkono.

"Umekiokoa, dada yangu," alimwambia.

Nuala alirudi Mayo na furaha tele, na furaha hiyo ndiyo asiyoweza kujisamehe mpaka leo.

Asubuhi ya kutangazwa orodha aliwakusanya wanachama wake maktaba, akawawekea biskuti na redio. Muireann aliketi mbele. Fintan akayasoma majina ya vitabu vyote sita vizuri, na mambo yangekwisha vizuri laiti mtangazaji asingemuuliza kwa nini watoto wapewe kitabu cha giza namna ile. Fintan hakuwa mtu mbaya. Alitaka tu kukitetea kitabu, kama Nuala alivyotaka.

"Mwenzetu mmoja alitupa habari za msichana wa huko magharibi," alisema. "Baba akirudi amelewa, hujificha na mdogo wake kwenye kabati la tangi, akamsomea katalogi ya matrekta. Kitabu hiki kimempa nguvu ya kusema. Hivi sasa yeye na mama yake wanajiandaa kuondoka."

Watoto wakakipigia makofi kitabu chao. Wenye matrekta ni wengi Mayo. Fundi wa matrekta katika mji ule alikuwa mmoja, baba yake Muireann. Ulimi huponza kichwa, wasema wahenga, ila wa Nuala uliponza vichwa vya watu wengine.

Muireann alikuja mpaka mezani kwake. Hakulia.

"Baba hakwenda gereji leo, ana mafua," alisema. "Yuko jikoni na Mama. Redio kwetu haizimwi."

Nuala alipiga simu polisi. Wakamwambia gari litatoka mji wa pili, avumilie. Akapiga nyumbani kwa kina Muireann. Simu iliita muda mrefu, kisha ikapokewa na mwanamume, na nyuma yake redio ilikuwa bado inazungumzia vitabu. Nuala akajitaja, akamuulizia mama.

"Mama Muireann hawezi kuja kwenye simu, mwalimu," ilisema sauti hiyo, taratibu kabisa, na laini ikakatwa.

Muireann aliisikia kutoka pale aliposimama. Alikuwa amekwisha kuchukua koti lake.

"Conor yuko shule ya msingi," alisema akilivaa. "Lazima nimfikie kabla ya Baba."