Mistari ya Mwisho

Mume wangu Kizito ana duka la pembejeo Matisi, Kitale, na tangu alete mbolea ya bakteria hatupumui. Bakteria asubuhi, bakteria jioni. Alitaka sana chama cha kina mama cha Myanga kiichukue, na mwenyekiti wake ni mama yangu. Shida ni kwamba kwetu Wabukusu mwanamume na mama mkwe hawaangaliani usoni, sembuse kuzungumza. Basi mjumbe nikawa mimi.

Nilimweleza mama: lowesha mbegu za maharagwe kidogo, paka unga huu mweusi wenye bakteria, panda papo hapo. Mistari ya mwisho ipandwe mbegu zisizopakwa, chama kione tofauti.

Siku ya kupanda nilimkuta ameanika mbegu zilizopakwa juani tangu asubuhi. Eti zisioze. Jua huua bakteria hao. Nikampigia Kizito.

“Wacha apande tu,” akasema. “Nani ataambia mama mkwe amekosea?”

Maharagwe yalistawi ajabu, shamba zima. Chama kilipokuja kutazama, mama alimsifu mkwe wake, na Kizito akisikiliza nyuma ya ua, pakiti zake zimejaa kwenye pikipiki. Mimi nikang'oa shina moja la mistari ya mwisho. Mizizi ilijaa vinundu, vile vijumba vya bakteria. Nikavipasua kwa kucha: vyekundu ndani, vinafanya kazi, sawa kabisa na vya mistari iliyopakwa. Nikampelekea Kizito nyuma ya ua.

“Bakteria yangu ilikufa,” alisema polepole. “Hawa ni wa udongo wenyewe. Hata yangu ingekuwa hai, ingekuta wenyeji wamejaa.”

“Nyamaza basi, watanunua!” Nilikuwa nimechoka kumwona akirudi na mzigo uleule.

Akaniangalia, kisha akapaza sauti juu ya ua. “Mama! Msinunue. Udongo yenu iko na bakteria yake. Hiyo yangu ilikufa kwa jua.”

Kina mama wakashika midomo. Aibu ilinichoma hadi masikioni. Mama aliupa ua mgongo, kwa heshima.

“Fridah,” akasema, “ambia huyo mkwe wangu, shamba ya jirani Wekoye, kule palikuwa miwa miaka yote, maharagwe inakataanga, labda udongo haina bakteria. Apeleke yake huko. Mimi nitapaka mbegu, na sitaanika. Hao wauzaji wengine siamini, mimi naamini tu mtu kama huyo.”

Nikazunguka ua kumwambia, ingawa alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa ameinamia pikipiki, anafuta macho kwa mkono wa shati.