Kaburi la Koplo Luseno

Siku aliyorudi Luseno ilikuwa Alhamisi, siku ya maji, na dada yake Vivian alikuwa akijaza mitungi. Mtaa wa Umoja uliwekewa mabomba ya nyumba ndogo za watu wachache. Tangu hapo kila ua umepandishwa ghorofa juu ya ghorofa na mabomba ni yale yale, kwa hiyo anayelala Alhamisi hukaa na kiu mpaka Alhamisi nyingine. Vivian hakulala. Kompyuta ilikuwa kitandani, mtungi ulikuwa chini ya mfereji, naye alikuwa akienda baina ya hivyo viwili: sentensi, mtungi, sentensi, mtungi.

Jua lilipokuwa linazama mlango uligongwa. Luseno alisimama nje akiwa amevaa vazi la vita la chuma cha kijivu kutoka shingoni hadi kwenye buti, kofia yake kwapani, bunduki ndefu mgongoni. Ilibidi aingie kwa ubavu. Umri wake haukuwa umesogea tangu siku aliyochukuliwa.

"Niaje, Vivi," alisema. "Ni nani mmempa jina yangu?"

"Funga mlango, mbu wanaingia," Vivian alimwambia. "Na usikanyage hapo, pamelowa."

Kwao, upande wa magharibi mwa nchi, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza huitwa majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka lifike lile linalomtuliza. Mwenye jina basi huja kumtazama wajina wake. Ni haki yake, na hafungiwi mlango. Ila jina la mtu ambaye hakuzikwa haliitwi. Binamu yao alipojifungua, mama yao Phelister alisafiri kwenda kuomba mtoto aitwe Luseno, na wazee walimkatalia kwa upole. Walimuuliza kaburi liko wapi. Phelister alirudi mtaani kwake Mathare na basi la jioni hiyo hiyo.

Kaburi halikuwepo. Luseno alichukuliwa mchana kweupe kwenye kibanda cha gemu cha Dedan, huko huko Mathare, na wanaume wenye kofia za kapelo waliokuja na gari lisilo na namba. Alikuwa katikati ya mchezo. Dedan aliusimamisha ili akirudi aendelee alipoachia, na picha ya wanajeshi ilibaki kwenye kioo, mguu mmoja hewani, mpaka stima ilipopotea siku ya tatu. Kituoni Phelister aliambiwa arudi Jumatatu. Amekwenda Jumatatu nyingi. Askari aliyemwambia hivyo mara ya kwanza amepandishwa cheo mara mbili. Kabla ya Luseno alichukuliwa kijana wa Mama Raho, na kabla yake wale wawili wa kwa fundi viatu, na bonde lile la Mathare linawakumbuka wengine wa zamani zaidi, wa enzi ambazo Phelister mwenyewe alikuwa msichana. Nao pia waliambiwa Jumatatu.

Vivian hakuwahi kucheza gemu hata moja. Lakini kwa miaka yote walipolala chumba kimoja, yeye upande huu wa pazia na Luseno upande ule, kaka mtu alimsimulia mchezo wake kila siku: Kikosi cha Kethra, sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu, silaha zake, magari yake, sayari yake nyekundu isiyo na maji. Kwa hiyo Musyoka, jirani mwenye akaunti ya mtandaoni ya kuwaandikia wateja wa ng'ambo, yenye jina la Mzungu wa mji fulani wa baridi, alipotangaza kwamba kuna mteja anataka riwaya ya vita ya Kikosi cha Kethra, Vivian aliipata kazi hiyo mbele ya vijana waliokuwa na shahada. Jalada lingebeba jina la mtu mwingine. Hilo lilikuwa kawaida. Umoja imeandika vitabu vingi ambavyo haijawahi kuviona.

Katika sura ya nne alihitaji koplo. Mtungi ulikuwa unakaribia kufurika, naye akaandika jina lililokuja kwanza, akakimbilia mfereji. Hakukumbuka wazee wala katazo lao.

Sasa alimgeuzia ndugu yake kompyuta. Luseno alisoma akiwa amesimama, kwa kuwa kiti kisingemhimili.

"Bunduki umeweka fiti," alisema. "Lakini hii gari ya Wakethra haina magurudumu, Vivi. Huwa inaelea. Si nilikushow?"

"Nilisahau."

"Rekebisha. Watakucheka."

Alirekebisha.

Kuanzia hapo Luseno alikuja kila magharibi. Aliiweka kofia juu ya televisheni, akaketi sakafuni miguu ameinyoosha mpaka chini ya kitanda, na kueleza siku ilivyokuwa kule Kethra, naye Vivian akaandika. Riwaya ilikwenda vizuri. Jioni moja alimuuliza walimpeleka wapi siku ile, wale wa kapelo. Luseno alitazama kompyuta, akapandisha kurasa mpaka mwanzo, akazishusha tena.

"Hiyo hujaandika," alisema. "Mimi najua tu ile umeandika."

Gichuru, msimamizi wa ploti ile ya ghorofa, alipanda juu kulalamika.

"Madam, mimi sina shida na waliokufa. Hata kwetu wanakuja. Shida yangu ni ngazi. Tumepiga sakafu juzi tu, na hizo buti zinachimba."

"Nitamwambia azivue chini."

"Aziache kwangu, hazitaguswa." Gichuru alichungulia ndani. "Kijana, hiyo nguo si ni moto?"

"Iko na feni ndani," Luseno alimjibu.

"Haya. Afadhali wewe."

Vivian aliposhindwa kulibeba jambo hilo peke yake, alimpigia mama. Phelister alikuja kutoka Mathare kwa miguu, na mboga ya mrenda na ugali wa wimbi ndani ya kikapu. Alimzunguka mwanawe mara moja, kama mtu anayekagua mzigo uliokaa sana njiani.

"Umekonda," alisema.

"Mathe, hii ni chuma. Utajuaje nimekonda?"

"Ni shingo naangalia. Kula."

Luseno alikula. Vidole vya chuma viliumega ugali taratibu. Mama hakula, alimtazama usoni mpaka sahani ikaisha, kisha akampangusa mdomo kwa ncha ya leso, jambo ambalo Luseno hakulipenda hata alipokuwa hai.

Halafu Musyoka alileta ujumbe wa mteja. Sehemu ya nne ya gemu ingeanza na Kapteni Vann, kiongozi wa kikosi, akiwa peke yake. Kwa hiyo katika sura ya mwisho ila moja kikosi chake chote kife.

Vivian aliandika sura hiyo, na koplo mmoja akaponea kwenye mtaro wa maji taka. Mteja aliirudisha. Aliandika tena, koplo akiwa hospitalini siku ya vita, na malaria. Mteja aliirudisha ikiwa na neno moja jekundu pembeni: Wote.

"Vivi, usiniharibie akaunti," Musyoka alisema. "Ni mtu wa kwa kitabu. Muue tulale."

"Ni ndugu yangu."

"Najua. Nimepishana naye kwa ngazi. Jamaa poa sana. Lakini usipoandika wewe, watampatia mtu wa mtaa wa Pipeline, na huyo hatajua hata jina lake linatoka wapi."

Jioni hiyo walilijadili, wote watatu. Phelister alitaka kujua kama mteja ana watoto. Hakuna aliyejua. Alitaka kujua kama vita haviwezi kuahirishwa.

"Mathe, gemu ni gemu," Luseno alisema. "Kila mtu ameicheza anajua hatutoki pale. Mimi nishakufa hapo mara mingi sana kwa Dedan." Aliigeuzageuza kofia mikononi. "Nife tu, ni sawa. Lakini hii mara mnizike."

Vivian aliandika. Kifo kilichukua aya moja. Alijilazimisha kisizidi hapo. Mazishi yalichukua sura nzima. Phelister aliketi kitandani kando yake na kumsahihisha.

"Huyo kapteni avue kofia."

"Mama, Kethra haina hewa."

"Basi aivue kidogo."

Kapteni Vann, ambaye katika sehemu zote za gemu hakuwahi kuzungumzia chochote isipokuwa risasi, aliketishwa kando ya moto wa matanga na kuambiwa amseme marehemu. Alisema Luseno alikuwa mvivu wa kuamka ila mwepesi wa kugawa chakula. Kaburi lilichimbwa katika udongo mwekundu na wanajeshi wa vikosi vingine waliopokezana sepetu. Palikuwa na ng'ombe. Vivian alilazimika kumsafirisha kwa chombo cha anga, na alieleza jinsi alivyofungwa. Waliimba. Waliokuwa na nywele walinyolewa siku ya tatu. Uso wa koplo ulifunuliwa ili kila mtu apite auone, kisha ukafunikwa.

Luseno alisikiliza yote akiwa ameegemea ukuta. Wakati wa kushusha jeneza ulipofika, Phelister alikwenda kwenye kopo la vitunguu la barazani, akachota udongo wa kiganja kimoja na kuumwaga juu ya kompyuta.

"Lala, baba," alisema.

Walipogeuka, kofia haikuwepo juu ya televisheni. Vivian alizipangusa herufi kwa brashi ya viatu, akaituma sura.

Kesho yake magharibi mlango haukugongwa, wala kesho kutwa. Phelister alipiga simu nyumbani kusema kaburi lipo. Wazee waliuliza ni wapi. Aliwaambia ni Kethra. Walikwenda kando wakashauriana, wakarudi na kusema ni mbali, lakini kaburi ni kaburi. Wapo waliokwenda vita vya Wazungu wakazikwa Burma, na majina yao yanaitwa mpaka leo. Yule mtoto wa binamu, ambaye sasa alikuwa anatambaa, aliitwa Luseno, na usiku wa kwanza alilala mpaka asubuhi. Phelister alivunja tanga. Alizigawa nguo za mwanawe kwa vijana wa Mama Raho waliobaki na wa majirani, na Jumatatu iliyofuata hakwenda kituoni. Alikaa nyumbani akaosha mapazia.

Kitabu kilitoka wakati wa baridi. Musyoka alimtumia Vivian picha ya jalada, kisha kitabu chenyewe, kilichokwisha kuibwa na kusambazwa kwenye simu. Vivian alikisoma akiwa kwenye foleni ya mafuta ya taa. Ng'ombe hakuwemo. Moto haukuwemo. Sura yote ya mazishi ilikuwa imeondolewa, na mahali pake palikuwa na sentensi mbili: Kikosi kizima kiliangamia. Vann hakutazama nyuma. Koplo naye hakuwa Luseno. Jina lilikuwa limebadilishwa kitabu kizima, kwa kubonyeza mara moja, likawa Hollis, na kwa kuwa wachezaji hupenda fumbo, mtu alikuwa ameongeza katika sura ya nne kwamba hakuna aliyewahi kuuona uso wake. Maneno yake mengi alikuwa amepewa Vann. Koplo alibakiwa na jibu moja tu.

"Si walilipa?" Musyoka alisema kwenye simu. Kisha akasema, "Pole, Vivi."

Juma hilo hilo mtoto kule nyumbani alianza kulia. Alilia kutwa kucha. Wazee waliitana, wakamvua jina, wakaanza kumwitia mengine moja moja, na akanyamaza kwa la babu wa upande mwingine. Walimpigia Phelister kumweleza, kwa upole kama mara ya kwanza.

Na magharibi mlango uligongwa.

Vivian alifungua. Vazi lilikuwa lile lile, ila kifuani palichorwa HOLLIS kwa herufi nyeupe, na kofia ilikuwa kichwani. Kioo chake kilikuwa cheusi. Hakikuwa na mahali pa kufungulia. Vivian alipapasa ukingo wote kwa vidole asipate.

"Niaje, Luse," alisema.

"Tayari, Kapteni," Luseno alijibu.

Alimpisha aingie. Luseno aliketi sakafuni, mahali pake, miguu chini ya kitanda. Vivian hakuwa na sura ya kuandika, akaketi naye bila kazi yoyote, na taa haikuwashwa.

Phelister alikuja na kikapu kama zamani. Alipakua, akaiweka sahani mbele ya kioo, akangoja. Mvuke wa mrenda ulipanda ukakifanya kioo kiwe cheupe, halafu mvuke ukaisha.

"Wamemfunga," Phelister alisema.

"Eeh, Mama."

"Hawakumwachia hata mdomo."

"Tayari, Kapteni," Luseno alisema.

Jumatatu Phelister alimsubiri mpaka jioni, akampeleka kituoni. Kwa kuwa miaka hii yote alikwenda mikono mitupu akarudishwa, aliona heri aende na mwanawe mwenyewe. Askari wa zamu alikuwa kijana mgeni, na heshima zake. Aliwapa benchi. Benchi lilipinda. Alisoma herufi za kifuani, akafungua kitabu chake, akateremsha kidole ukurasa mmoja, kisha mwingine.

"Mama, hakuna Hollis ameripotiwa kupotea hapa."

"Ni Luseno."

"Huyu ameandikwa Hollis. Wewe, unaitwa nani?"

"Tayari, Kapteni."

Askari alicheka kidogo, maana alikuwa bado koplo na hakuna aliyewahi kumwita kapteni. Akafunga kitabu. Mkubwa wake hakuwepo, alisema, warudi Jumatatu.

Walirudi kwa miguu, mama mbele, koplo nyuma. Watu waliokuwa wakitoka kazini waliwapisha, kwa sababu buti zilichukua nafasi. Kwenye daraja la mto Mathare Phelister alisimama, akaona vumbi limeganda kwenye kioo, akatoa leso akaanza kulipangusa. Vumbi lilitoka, akajiona mwenyewe mle ndani, mdogo, na leso mkononi. Akaendelea kupangusa.