Mchezo Mmoja kwa Mapasa

Mwaka wa 1984 Polycarpe alirudi kwetu Kolwezi kwa likizo. Yeye na mume wangu, Badibanga, walikuwa Ubelgiji, kampuni yao ya migodi ilikuwa imewapeleka kusomea mashine. Mume wangu hakuja. Alituma salamu kwamba masomo yameongezwa tena, pamoja na kifurushi. Mimi nilitaka kujua anarudi lini tu.

Nilifungua kifurushi mbele ya watoto. Ndani mlikuwa na mchezo wa elektroniki, mdogo kama kipande cha sabuni, wenye kioo ambamo mtu anakimbia kupokea mayai. Mmoja.

Mbuyi na Kabanga ni mapasa, kaka na dada wa siku moja. Kwetu Wakasai, hata mgeni wa kupita huwapa mapasa vitu viwili vinavyofanana, au hatoi kabisa. Baba yao anajua. Mtaa wetu mzima wa Musonoi humwita Shambuyi, baba wa mapasa, na mimi Mwambuyi, mama yao.

Nikaweka sheria: Mbuyi acheze mpaka bukari, ugali wetu, iive, Kabanga mpaka vyombo vikauke. Kumbe Kabanga alikuwa anarudisha sahani majini.

“Mama, anazilowesha tena! Mwizi we!”

“Unalilia nini? Unapokeaka mayai kama kipofu!”

Wakapigana. Mbuyi akang'atwa mkono, nikatoa betri. Wiki nzima hawakusemezana, wala mimi hawakunisemesha. Nilifika mahali pa kuongea na sufuria.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kwa Polycarpe.

“Tata Polycarpe, alinunua moja tu?”

“Mwambuyi, ikala kwanza,” alisema akinivutia kiti. “Kunywa Fanta.”

“Fanta hapana. Niambie.”

Alizungusha glasi yake. “Alinunua mbili. Ile ingine… kuko mutoto kule.”

“Mutoto wa nani?”

Aliiweka glasi chini. Kisha akasema polepole, “Ule mutoto aliona zote mbili, mama. Akalia, Badibanga akamuachia moja.”

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa tarehe ya kurudi niliyokuwa naitafuta. Nilitoa mchezo kwenye mfuko, nikauweka mezani pake.

“Umurudishie. Umuambie na batoto ba huku banaliaka.”

Nyumbani niliwaambia watoto nimeurudisha kwa tata, baba yao.

“Juu ya nini?” Mbuyi aliuliza.

“Juu nimetaka.”

Ningesema nini kingine? Walikuwa na miaka tisa.

Kabanga alimshika kaka yake mkono, wakaenda kukaa kizingitini. Niliwasikia kutoka jikoni.

“Mama iko na roho mubaya.”

“Mubaya sana. Tata akirudi, tutamuambia.”

“Mi njo wa kwanza kumuambia.”

“Hapana, sisi bote bawili.”

Nilipakua chakula, nikawaita. Walikuja pamoja, wakakaa wamebanana upande mmoja wa meza. Ule mwingine wote wakaniachia mimi.